Mashine haikatai, mwenye kukataa ni mtu

Mwaka jana nilimsindikiza mama mzazi katika afisi moja ya huduma kwa umma. Alitakiwa aweke kidole kwenye kijimashine ili atambuliwe. Akakiweka, akakipangusa, akajaribu kingine. Wapi! Vidole vilivyochuma majani chai kwa miaka na mikaka havina tena michirizi ya kusomeka. Karani, kijana mwenye adabu zake, akamwambia kwa huruma, "Pole nyanya, mashine imekukataa." Tulipofika mlangoni mama akaniuliza, "Kwani nimeikosea nini?"

Swali hilo lilinichoma kama mwana, na likanifikirisha kama mwalimu wa isimu. Kiswahili hutenga chenye uhai na kisicho na uhai. Ndege wa mwituni "amepaa", lakini ndege ya abiria "imepaa". Kifaru wa mbugani "ameuawa", ilhali kifaru cha wanajeshi "kimelipuliwa". Neno ni lilo hilo, ila upatanisho wa kisarufi hutujulisha ni kipi kinachojiendea na ni kipi kinachoendeshwa.

Siku hizi mpaka huo unafifia. Nimemsikia mtoto wa jirani akiisemesha simu ya babake, kisha akamtangazia mwenzake, "Amesema kesho kutanyesha." Hakusema "imesema". Amesikia sauti ya mtu, akaipa ngeli ya mtu. Wala tusimcheke. Mnamo 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA, ambayo aghalabu ilimrudishia mtu maneno yake mwenyewe kwa sura ya maswali. Alisimulia baadaye kwamba katibu wake, aliyejua fika kuwa hiyo ni programu tu, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani.

Yamkini msomaji atauliza, pana ubaya gani? Tangu hapo gari "hukataa" kuwaka. Naam, lakini gari likikataa twamwita makanika, hatuliombi msamaha. Mashine "inapomkataa" mtu, kitenzi hicho humficha mtenda. Kuna aliyeamua kuwa kidole ndicho kitambulisho cha pekee, kuna aliyeidhinisha ununuzi, na kuna aliyesahau kuwawekea wakulima na waashi njia nyingine. Wote hao wamejibanza nyuma ya kiambishi "i-".

Taifa hili linalijua jambo hilo vyema. Katika uchaguzi wa 2013, mitambo ya kuwatambua wapiga kura ilikwama katika vituo vingi, maafisa wakarejelea madaftari ya karatasi. Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi wa urais mnamo Septemba 1, 2017, haikuitia mitambo hatiani. Iliwajibisha tume iliyopewa jukumu la kuendesha uchaguzi. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, katika kifungu cha 35, inampa mwananchi haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito uliofikiwa na mitambo pekee, ijapokuwa kuna hali zilizoruhusiwa. Bunge lilitambua kwamba nyuma ya chombo lazima awepo mtu wa kuulizwa.

Haki hiyo itahitajika zaidi kadiri akili unde inavyotumiwa kuchuja waombaji wa kazi na mikopo. Anayenyimwa mkopo asikubali kuambiwa "mfumo umekataa". Na aulize ni nani aliyeupa mfumo huo masharti, na ni nani awezaye kuyatazama upya.

Mimi nililiuliza swali hilo siku ile. Nilirudi ndani na kumtaka karani aniambie ni nani mwenye mamlaka ya kumhudumia mtu asiyesomeka vidole. Akaenda kumwita mkubwa wake, ambaye alifungua mtoto wa meza, akatoa fomu ya karatasi na kutia sahihi. Mama akahudumiwa.

Fomu ilikuwamo humo muda wote. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua.