Kudai Haki Yako Benki Si Ukosefu wa Subira

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Muislamu, baada ya swala ya Alasiri siku moja alinijia mama mmoja, mwalimu mstaafu, akiwa na karatasi za taarifa ya akaunti yake. Katika miezi mitatu benki ilikuwa imemkata ada mara tano, jumla yake shilingi 5,400. Lililomuumiza zaidi ni kwamba mara mbili ada ya mwezi ilikatwa kabla ya pensheni yake kuingia, akaunti ikashuka chini ya sifuri, kisha akatozwa ada nyingine kwa kuwa akaunti imetumiwa kupita kilichomo. Yeye hakutoa hata shilingi moja siku hizo. Ada ndiyo iliyozaa ada. Nilipomuuliza amechukua hatua gani, akajibu, "Sheikh, mimi nimemwachia Mungu."

Jibu hilo lina sura ya uchaMungu, na wako wengi miongoni mwetu wanaolitoa. Lakini kumwachia Mungu huja baada ya mja kutimiza wajibu wake. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Anayenyamazia haki yake ilhali mlango wa kuidai uko wazi amemwacha ngamia bila kamba, na hiyo si subira.

Wengine huona haya. Hudhani kwamba kudai fedha kidogo ni utovu wa adabu. Imepokewa na Bukhari kwamba mtu mmoja alimdai Mtume (S.A.W.) deni lake kwa maneno makali, masahaba wakataka kumkemea. Mtume akawazuia, akawafahamisha kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe, tena kwa kilicho bora zaidi. Ikiwa haki ilidaiwa mbele ya kiumbe bora kuliko wote naye asichukie, meneja wa tawi ni nani hata tumwonee haya?

Kundi la tatu husema: "Mimi niliingia mwenyewe katika benki ya riba, sina uso wa kudai." Hawa nawaomba warejee Suratul Baqara, aya ya 278 na 279. Hapo Mwenyezi Mungu anaamuru mabaki ya riba yaachwe, na anatangaza vita dhidi ya asiyeacha. Pamoja na ukali huo wote, anayetubu hakunyang'anywa rasilimali yake. Anabaki nayo, asidhulumu na asidhulumiwe. Basi kosa la kuingia katika mkataba mbaya halimhalalishii mwingine kula mali yako pasipo haki. Toba ni baina yako na Mola wako. Fedha zilizokatwa kimakosa ni baina yako na benki.

Hata hivyo, lazima tuwe waadilifu. Si kila ada ni dhuluma. Anayekufanyia kazi anastahiki ujira, na benki inayokutunzia hesabu au kukupelekea fedha imefanya kazi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu mkopeshaji atoze gharama za huduma za mkopo mradi zisizidi gharama halisi, na kinachozidi hapo kikahesabiwa riba. Kipimo hicho ni chepesi kukifahamu: ulizia ada ile inalipia kazi gani. Ikiwa hulipii kazi yoyote ila kupita kwa siku juu ya deni, basi hiyo ndiyo riba ya zama za jahiliya, ambapo mdaiwa aliambiwa alipe au azidishiwe.

Jambo hili halihusu wafanyabiashara wakubwa peke yao. Tangu Januari 2019 huduma ya Fuliza imeuleta mkopo wa aina hii hadi kwenye simu ya muuza mboga. Ilianza kwa ada ya asilimia 1 kwa kiasi kilichotumiwa, pamoja na ada ya kila siku hadi deni liishe, na Oktoba 2022 ada za kila siku zilipunguzwa. Tufanye hesabu ya mfano tu. Mtu amekopa shilingi 1,000 na anatozwa shilingi 5 kila siku. Kwa siku 30 atakuwa amelipa 150, na kwa mwaka 1,825, yaani karibu mara mbili ya alichokopa, na ile elfu moja bado anadaiwa. Shilingi tano haistui mtu, na hapo ndipo hatari ilipo. Aliyekubali masharti hayo akiyajua hana dai mahakamani. Dawa yake ni kulipa haraka, kuifunga huduma hiyo na kutubu.

Lakini aliyekatwa asichokubaliana nacho, au aliyekatwa mara mbili kwa jambo moja, ana haki, na sheria za nchi yetu zinamsaidia. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupewa maelezo ya huduma anayolipia, kulindwa maslahi yake ya kiuchumi na kufidiwa hasara. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilifafanua kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki, kinachozuia benki kupandisha ada bila idhini ya Waziri wa Fedha, ikasema kinahusu pia viwango vya riba.

Nini basi cha kufanya? Kwanza, omba taarifa ya akaunti na uisome mstari kwa mstari. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inatuamuru tuandike madeni. Vipi sisi tusisome hata yale tuliyoandikiwa? Pili, linganisha kila ada na mkataba wako pamoja na orodha ya ada za benki. Tatu, andika barua yenye tarehe, kiasi na sababu, na ubaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokewa. Nne, usipojibiwa, peleka malalamiko Benki Kuu ya Kenya. Tano, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na ambayo sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60.

Tusisahau kwamba hukumu ya mahakama haigeuzi haramu kuwa halali. Nchini Uingereza, wateja wengi walidai kurejeshewa ada walizotozwa kwa kupitisha kiasi kilichomo katika akaunti. Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba ada zile ni sehemu ya bei ya huduma, hivyo haikuwezekana kupima uadilifu wa kiwango chake kwa kanuni zilizotumika katika kesi ile. Benki zikashinda. Miaka kumi na zaidi baadaye, Aprili 2020, wasimamizi wa huduma za fedha wakapiga marufuku ada za kudumu za aina hiyo. Kilichopita mahakamani hakikuwa lazima kiwe haki.

Nasi wadai tuogope vilevile. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ummu Salama kwamba Mtume (S.A.W.) alitahadharisha: anayepewa haki ya ndugu yake kwa ufasaha wa hoja zake amekatiwa kipande cha moto. Kwa hiyo usidai ada uliyoikubali na kazi yake ikafanyika. Na benki ikikurejeshea mali yako pamoja na riba juu yake, chukua kilicho chako, na ile ziada wape mafukara kwa nia ya kujitakasa, si kwa kutafuta thawabu ya sadaka.

Yule mama tulikaa naye tukaandika barua. Ada tatu kati ya tano zilikuwa za haki, za mwezi, naye alizitia sahihi tangu mwanzo, hizo hatukuzidai. Mbili zilikuwa ni ada zilizozaliwa na ada, na hizo tulizidai. Baada ya wiki tatu alirejeshewa shilingi 2,100. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa zake, na alizipata bila kumwonea mtu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu, na atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin. Wabillahi tawfiq.