Kabla hujamtengenezea, muulize

Tafakari ya Jumapili ya leo haikuanzia madhabahuni. Ilianzia kwenye benchi lililo nje ya kanisa, nikiwa nimeshika simu ya mtu mwingine.

Wanaonifahamu wanajua kuwa napenda kompyuta na simu kama wengine wanavyopenda mpira. Nilianza kugusa kompyuta enzi za Windows 98, wakati kazi ya mtu ya mwezi mzima ilikaa kwenye flopi yenye uwezo wa megabaiti 1.44. Nilijifunza kwa kufungua na kufunga, kuharibu na kutengeneza. Mpaka leo nikisikia simu ya mtu imeganda, mkono unaniwasha.

Bila shaka hata usharikani kwenu yupo mtu wa namna hiyo, na unajua anavyotumika. Ibada ikiisha, wenzake wanasogea kwenye mnada, yeye anazungukwa. Huyu simu yake inasema memori imejaa, na ukiifungua unakuta video za kutakiana asubuhi njema kutoka magrupu kumi na mawili. Yule analalamika bando linaisha wakati hajaperuzi chochote, kumbe programu zinajipakua upya zenyewe usiku akiwa amelala. Babu mmoja alikaa wiki nzima akidhani watoto wake wamemsusa, kumbe alikuwa ameibonyeza simu ikawa haiiti.

Siku iliyonipa jina kubwa ni ile ambayo orodha ya watoto wa kipaimara ilifutwa kwa bahati mbaya kwenye flashi ya ofisi, siku tatu kabla ya ibada yenyewe. Niliirudisha yote, jina kwa jina. Nilipigiwa makofi, nami nikayapokea.

Naomba nieleze kidogo jinsi jambo lile lilivyowezekana, maana litatusaidia mbele. Unapofuta faili kwenye flashi ya kawaida, mara nyingi kompyuta haigusi yale yaliyoandikwa. Inafanya kama karani wa nyumba ya wageni anayekata jina la mtu kwenye daftari huku mtu mwenyewe bado amelala chumbani. Kwenye daftari chumba ni kitupu, lakini mgeni yumo, mpaka siku atakapokuja mwingine na kupewa chumba hicho. Ukiwahi kabla hujahifadhi kitu kingine, zipo programu za kugonga mlango na kumtoa yule mgeni wa kwanza akiwa mzima. Kwa kuwa nilifanikiwa mara nyingi, nilianza kusema kwa majivuno kwamba kwangu hakuna kinachopotea.

Ndipo Jumapili moja akaja mama mmoja mjane. Mumewe alikuwa amefariki miezi minane nyuma. Tulimzika sote, alikuwa mwimbaji wa sauti ya besi katika kwaya yetu. Mama alinipa simu kwa mikono miwili akasema, "Mwanangu, hii simu inawaka, inafika kwenye ile picha ya mwanzo, inazima, inawaka tena. Naomba unitazamie."

Tatizo nililijua kabla hajamaliza kusema. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu wanne wengine. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti, nikaingia kwenye menyu ya mafundi, nikachagua kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Simu yenyewe ilinionya kwa maandishi kuwa kila kilichomo kitafutika. Nikakubali. Baada ya dakika chache ikawaka, nyepesi kama ya dukani. Nikamkabidhi, nikamwambia, "Mama, tayari."

Akanishukuru, akaniombea baraka, akaenda kukaa pembeni. Nikachukua simu ya aliyefuata. Baadaye kidogo akarudi, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, zile sauti za baba ziko wapi?"

Mumewe alikuwa na desturi ya kumtumia ujumbe wa sauti kila jioni akitoka kazini, maana kuandika kulimchosha macho. Anamwambia amefika kituoni, anamuuliza anunue nini, anamsimulia alichokisikia kwenye daladala. Mama hakuwahi kufuta hata mmoja. Tangu msiba, kila usiku kabla ya kulala alikuwa akifungua mmoja anausikiliza, kisha anasali na kuzima taa. Nakala mahali pengine hakuwa nayo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa inahitajika, hata mimi niliyekuwa nasalimiana naye kila Jumapili.

Nilichukua ile simu nikakesha nayo siku tatu, ingawa jibu nililijua tangu mwanzo. Simu za siku hizi haziko kama ile flashi ya ofisi. Kila unachohifadhi kinaandikwa kwa fumbo, na ufunguo wa kulifumbua unakaa ndani ya simu yenyewe. Kwa simu za Android, tangu toleo la 10 la mwaka 2019, kila simu mpya inayotoka na mfumo huo inatakiwa kuhifadhi vitu hivyo kwa fumbo. Ni ulinzi mzuri sana mwizi akiiba simu yako. Lakini unapoirudisha kama ilivyotoka kiwandani, ufunguo ule unaharibiwa. Hata kama kitu bado kimo, hakuna tena wa kukisoma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mpendwa msomaji, kilichoniuma zaidi ni kwamba zilikuwepo njia nyingine za kujaribu kwanza, za taratibu, zisizogusa vitu vya mwenye simu. Zingechukua saa moja au mbili, na pengine zisingefaulu. Lakini sikuzijaribu kwa sababu sikujua kama kuna sababu ya kuzijaribu. Na sikujua kwa sababu sikuuliza. Swali lenyewe lingechukua nusu dakika. Nililitengeneza jambo ambalo mimi niliona limeharibika, nikaliharibu lile ambalo mwenyewe alilithamini. Niliona simu imeganda, wakati yeye alikuwa anataka kumsikia mumewe.

Katika siku zile tatu nilirudia kusoma habari za Bartimayo, kipofu aliyekuwa akiomba kando ya njia pale Yeriko, katika Marko sura ya 10. Unaikumbuka. Mtu anapiga kelele, watu wanamkemea anyamaze, Yesu anasimama na kuagiza aitwe. Bartimayo anatupa vazi lake anakuja. Umati mzima unaona tatizo lake. Hata mtoto mdogo angeweza kulitaja. Pamoja na hayo, Bwana hakunyoosha mkono mara moja. Alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini.

Zamani nilikuwa nalipita swali lile haraka ili nifike kwenye muujiza. Sasa nashindwa kulipita. Yeye ajuaye mioyo ya watu aliona kwamba mtu huyu, ambaye kila siku alipewa sarafu bila kuulizwa kitu, anastahili kuulizwa. Alimpa nafasi ya kusema haja yake kwa kinywa chake. Fanya hivyo hivyo kwenye Yohana sura ya 5, pale birikani Bethzatha. Mtu amekuwa mgonjwa miaka 38, na bado Yesu anaanza kwa kumuuliza kama anataka kuwa mzima. Kama yeye aliyejua yote aliuliza, sisi tunaojua nusu tunapata wapi haraka hii?

Maana jambo hili haliishii kwenye simu. Huenda wewe hujui hata kubadilisha mlio wa simu yako, lakini una ujuzi wako mwingine. Una Maandiko, au umri, au cheo kanisani, au umekaa kwenye ndoa miaka 30. Mtu anakuja kwako na jambo limemgandia. Kabla hajamaliza sentensi ya pili, umeshalitambua. Umeliona kwa wengine. Unajua kitufe cha kubonyeza.

Kijana anakuja akisema hana usingizi, tunamwambia apunguze simu na aongeze maombi. Binti anasema anaogopa kurudi nyumbani kwa mumewe, hajaeleza anaogopa nini, tumeshamfungulia Waefeso sura ya 5. Mfiwa amekaa kwenye mkeka, tunamshika bega na kumwambia kazi ya Mungu haina makosa, kisha tunapita kwenda kunawa tule. Maneno yenyewe si ya uongo, kama ambavyo mimi sikukosea kuhusu ugonjwa wa ile simu. Lakini tumeyatoa bila kujua mtu huyu amebeba nini ndani ambacho hakina nakala. Na tukishamaliza, anatushukuru, anatuombea baraka, anaenda kukaa pembeni. Wengi hawarudi kutuuliza zile sauti ziko wapi. Wanakaa kimya, nasi tunadhani tumewasaidia.

Kitabu cha Mithali, sura ya 18, kinamhesabu anayejibu kabla hajasikia kuwa mpumbavu na mwenye kuaibika. Na wale rafiki watatu wa Ayubu, ambao tunapenda kuwalaumu, walianza vizuri kuliko wengi wetu. Walikaa chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa. Walipoharibu ni pale walipoanza kumweleza tatizo lake ni nini.

Najua utasema kuwa wakati mwingine mwenye shida mwenyewe hajui anachohitaji. Ni kweli. Wapo waliotaka niwasafishie simu kumbe chaja ndiyo mbovu. Kuuliza hakumwondolei fundi ujuzi wake, wala hakumzuii mchungaji kusema kweli. Kunamfanya ajue anaitumia kweli hiyo juu ya nini. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kuwa kwa mwenye ujuzi, kuuliza ni unyenyekevu, na mara nyingi ndiyo huduma yenyewe.

Siku ya nne nilikwenda nyumbani kwa mama yule. Sikuwa na maelezo ya kitaalamu ya kujificha nyuma yake. Nilimwambia, "Mama, nimezipoteza. Simu ilinionya, sikukuuliza. Naomba unisamehe." Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniletea chai, akakaa, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Ila ungeniuliza." Halafu akaanza kunisimulia yaliyokuwemo kwenye zile sauti, anazozikumbuka. Nikasikiliza mpaka giza likaingia. Kazi hiyo ndiyo niliyopaswa kuianzia pale kwenye benchi.

Baadaye tuliuliza kwenye grupu la kwaya. Mzee mmoja ambaye hajawahi kusafisha simu yake tangu ainunue alikuwa na jumbe tatu za marehemu. Mbili zilihusu michango ya sare. Kwenye ya tatu anakohoa, anacheka, kisha anasema mazoezi yatakuwa saa kumi. Hazikuwa zile za mama. Hakuna hata moja iliyotaja jina lake. Lakini sauti ilikuwa yake. Aliposikia kile kicheko alijifunika uso kwa khanga. Tuliziweka kwenye simu yake, kwenye memori kadi, na kwenye simu ya binti yake, ili zisitegemee tena mkono wa mtu mmoja mwenye haraka.

Tangu siku hiyo, mtu akinipa simu siigusi kwanza. Namuuliza, "Humu ndani kuna nini usichotaka kipotee?" Utashangaa majibu. Mmoja ana picha pekee ya mtoto wake aliyefariki. Mwingine ana meseji za muamala wa kiwanja anachodaiwa kuwa hakukilipia. Mwingine anatabasamu na kusema hakuna kitu, safisha tu. Foleni yangu imekuwa ndefu, na baadhi ya watu wamehamia kwa kijana mwingine mwenye kasi. Sijutii.

Mpendwa, nakuomba mambo mawili wiki hii. La kwanza ni dogo. Kama una sauti au picha ya mtu unayempenda, usiiache ikae kwenye simu moja. Leo hii mtafute kijana hapo kanisani akusaidie kuiweka mahali pa pili. La pili ni kubwa zaidi. Katika siku hizi saba atakuja mtu kwako na jambo lake, pengine mwanao, pengine mwenzi wako, pengine jirani. Utakuwa na jibu tayari. Lishike kidogo. Muulize anataka umfanyie nini, kisha kaa chini umsikilize mpaka amalize.

Bwana atusaidie kusikia kabla hatujagusa. Nawatakia Jumapili njema.