Hati Safi Haitoshi

Dalali wa Dar es Salaam akikupeleka kuona jengo la fremu kando ya barabara, neno lake la kwanza ni "hati ipo". Mnunuzi akisikia hivyo moyo unatulia. Anafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, anakuta jina ni la muuzaji mwenyewe, hakuna rehani wala zuio la mahakama. Analipa. Hakuuliza kiwanja kimepangiwa nini.

Jibu lilikuwamo ndani ya hati ileile, kwenye masharti. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda, kwa mfano miaka 33, 66 au 99, na kwa matumizi yaliyotajwa: makazi, makazi na biashara, viwanda, taasisi. Anayekiuka sharti anaweza kupewa ilani, akatozwa faini, hata milki yake ikabatilishwa. Aliyenunua kiwanja cha makazi ili ajenge godauni amenunua mahali pa kuishi, hata kama amelipa bei ya godauni.

"Mbona jirani ana baa?" Hoja hiyo ina uzito. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 iwe eneo la makazi, na leo kila mtu anaijua kwa maduka na baa zake. Mji hufuata riziki za watu. Tena upangaji wenyewe ulitujia na doa la ubaguzi. Wajerumani mwaka 1891 waliigawa Dar es Salaam kwa aina za majengo, Waingereza wakaendeleza, na mpaka leo tunasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Simshangai mtu anayeiona ramani ya mipangomiji kama jambo la wakubwa, lisilomhusu.

Lakini baa ya jirani haibadilishi hati yako. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imeweka njia ya kubadili matumizi: unaomba halmashauri, wenye pingamizi wanasikilizwa, kisha unapewa kibali au unanyimwa. Naiunga mkono njia hiyo, kwa sababu karakana ya kuchomelea vyuma inapofunguliwa ukuta kwa ukuta na chumba cha mtoto mchanga, mama yake naye ana haki ya kusikilizwa.

Yapo pia mambo ambayo hayaonekani ukisoma hati peke yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto. Ipo pia hifadhi ya barabara, yaani eneo la kando lililotengwa kwa ajili ya barabara. Mwaka 2017 majengo mengi kati ya Kimara na Kiluvya yalibomolewa kwa kuwa yalihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Novemba mwaka huohuo zamu ikafika kwa jengo la makao makuu ya shirika la umeme, TANESCO, pale Ubungo, sehemu iliyoingia hifadhini. Shirika la umma halikunusurika, sembuse mwenye duka la vipuri.

Kumtupia mnunuzi lawama zote si haki. Mauziano mengi hushuhudiwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na mara nyingi ofisi hiyo haina mchoro wa mipangomiji wa mtaa wake. Mchoro uko halmashauri. Halmashauri zibandike michoro hiyo kwenye mbao za matangazo za kila mtaa, matumizi ya kila kiwanja yakionekana, ili mtu asitegemee kinywa cha dalali.

Wewe unayetaka kununua usiisubiri siku hiyo. Kabla ya kutoa hata malipo ya awali, chukua namba ya kiwanja na ya kitalu, nenda kwa afisa mipangomiji, omba uoneshwe mchoro, uliza hifadhi inaishia wapi, na jibu lake ulipate kwa maandishi.