Kujenga Kila Kitu Si Kujitegemea

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa vijana wanaotengeneza programu: kwamba programu haiwi yao kweli mpaka waijenge yote, kuanzia msingi. Anayetumia maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, huitwa tegemezi. Anayejiandikia tabaka lake mwenyewe, ili programu moja iende kwenye Android, iPhone na kompyuta, husifiwa kuwa amejitegemea. Imani hii inapendeza masikioni, lakini inakula muda na fedha za watu wasiokuwa navyo vya kutosha.

Mji wa Bukoba, mkoani Kagera, unatoa ushahidi. Mwaka 1991 ulianza utafiti mkubwa wa kaya za Kagera, chini ya Benki ya Dunia na chuo cha tiba cha Muhimbili. Kaya zaidi ya 900 katika vijiji 51 zilihojiwa hadi 1994, na watu wale wale wakatafutwa tena 2004 na 2010, wengine wakiwa wamehamia hata Uganda. Kampuni ya EDI, iliyokita kambi Bukoba kwa kazi za namna hiyo, ikatengeneza programu yake ya kudodosa, surveybe. Watetezi wa kujenga kila kitu watashangilia hapo. Wangoje kwanza.

Programu hiyo ilishindanishwa na karatasi kisiwani Pemba, na matokeo yakachapishwa 2012: madodoso ya karatasi yalikuwa na makosa mengi ambayo mashine ingeyakamata papo hapo. Thamani, basi, ilikuwa kwenye ukaguzi wa majibu, wala si kwenye uchoraji wa vitufe. Chukua mfano wa mdodosaji aliye Kamachumu, wilayani Muleba: anauliza kaya imekula nini kwa siku saba. Mama anahesabu mikungu ya ndizi aliyoikata kibanjani; hana mizani, na mkungu mmoja haulingani na mwingine. Mdodosaji akiandika 30 badala ya 3, mashine imuulize kabla hajaaga. Akichanganya ndizi za pombe na za kupika, imuulize tena. Hakuna maktaba iliyoandikwa Marekani inayojua mambo hayo. Hapo ndipo kijana wa Bukoba anapotakiwa kumwaga jasho lake.

Mengine yamekwisha kujengwa. Programu ya kudodosa ya ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, husoma dodoso kwa kutumia JavaRosa, maktaba ya wazi ambayo programu nyingine, CommCare, nayo imeitumia tangu enzi za simu za vitufe hadi Android. SQLite, iliyotolewa mwaka 2000, hutunza data ndani ya simu na kuilinda isiharibike hata umeme ukikatika katikati ya kuandika. Kwa mdodosaji aliye visiwa vya Goziba au Bumbire, asiye na mtandao wa kutuma majibu siku hiyo, ulinzi huo ndio kazi yenyewe. Kuuandika upya ni kuyaalika makosa ambayo wengine walishayasahihisha zamani.

Hata wenye mali walishindwa. Dropbox, kampuni ya kuhifadhi faili mtandaoni, walianza 2013 kuandika msimbo mmoja wa lugha ya C++ kwa ajili ya iPhone na Android. Mwaka 2019 walieleza kwa nini wameachana nao: walijikuta wakitengeneza na kutunza zana zao wenyewe, na wahandisi wa kuziweza walikuwa adimu. Kama kampuni kubwa hivyo ililemewa, vijana watatu wenye ofisi ya chumba kimoja watabeba kwa mabega gani?

Wapo wanaouliza: mwenye maktaba akiitelekeza je? Swali ni la haki, na maktaba iliyofungwa, ya kukodi, kweli ni hatari. Lakini msimbo wa wazi unaweza kunakiliwa, ukahifadhiwa na kurekebishwa na yeyote anayeuelewa, na wanaouelewa ni wengi. Tabaka la nyumbani aghalabu lina mjuzi mmoja. Siku akipata ajira Dodoma, halafu Android ikatoa toleo jipya, mteja wa Muleba anabaki na programu isiyofunguka na hana wa kumpigia simu.