Barabara ya Makamyo Isipite Katikati ya Watoto Wetu

Wandugu wafanyakazi, wamama na wababa wa kartie,

Majuma machache yamepita tangu watu wa kupima walipoingia katika kartie yetu hapa Kolwezi. Hawakupiga hodi. Walisimika vijiti vyekundu, wakaandika namba kwa chokaa juu ya kuta za malupango, kisha wakaenda zao. Mama mmoja aliwauliza: hii alama maana yake nini? Wakamjibu: Mama, usiogope, ni maendeleo yanakuja.

Leo tunayajua maendeleo hayo. Ni barabara mpya ya makamyo. Itatoka mgodini, itapasua kartie katikati, itapita mbele ya masomo na karibu na bomba la maji, halafu itaingia barabara kubwa ya kwenda Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa. Sisi wenyeji hatukuulizwa hata neno moja. Kwa hiyo tunaandika.

Kwanza tuseme wazi, ili mtu asitusingizie. Sisi si adui wa barabara, wala si adui wa mgodi. Wengi wetu tunakula bukari ya mgodi. Sisi tunaoandika maneno haya tunashinda mbele ya mzani, kalamu mkononi: namba ya kamyo, jina la dereva, uzito wa kamyo tupu, uzito wa kamyo yenye mali. Tunajua kuliko wakubwa wengi kitu kinachotoka hapa kila siku. Kamyo moja inabeba tani 30 za shaba ao kobalti, na kamyo haina Jumapili. Ni kwa sababu tunaujua uzito huo tunasema: usipite mlangoni mwa watoto.

Tazameni kartie yetu ilivyo. Njia zake ni za miguu na makinga. Watoto wanacheza mpira njiani mpaka mama anawaita kula. Wazee wengi waliachishwa kazi mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa shirika kubwa la serikali walipotolewa kwa pesa kidogo. Wengine waliweka pesa hiyo yote katika tofali na mabati. Nyumba hiyo ndiyo pansheni yao. Ukuta ukipasuka kwa mtikisiko wa makamyo, mzee ataandika barua kwa nani?

Sasa tuseme juu ya vumbi. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi wao juu ya Kasulo, kartie ya mji huu huu, ambako watu walianza mwaka 2014 kuchimba kobalti ndani ya malupango yao. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wenyeji kuliko kwa watu wa kartie nyingine ya karibu, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Hatuchanganyi mambo: Kasulo ni mashimo, kwetu yatakuwa makamyo. Lakini somo ni moja. Vumbi la madini likikaa karibu na jiko, mtoto ndiye analila kwanza, kwa sababu yeye anacheza chini na kutia mkono kinywani.

Tena si madini tu yanayosafiri. Makamyo yanaleta asidi ya kufanyia kazi ya shaba. Mwezi wa pili wa 2019, katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo ya asidi iligongana na magari mengine, asidi ikamwagika juu ya watu. Walikufa karibu watu 20. Ile ilikuwa barabara kubwa inayojulikana. Je, ajali ya namna ile ikitokea saa sita mchana mbele ya mlango wa masomo, nani atawahesabu watoto?

Wazee wanakumbuka namna miji ya Katanga ilivyopangwa. Elisabethville, iliyopewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, iliwekwa mwaka 1910. Baadaye wakoloni walitenga mji wa wazungu na mji wa weusi kwa uwanja mtupu wa karibu mita 700. Walisema ni shauri la afya. Maana yake ilikuwa homa yetu isifike kwao. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na ubaguzi ule tuliukataa wote. Lakini sasa tunauliza: zamani walipata mita 700 ili mbu wetu asifike kitandani kwao. Leo hapapatikani hata mita 50 za kutenga kamyo na kitanda chetu?

Ndugu wengine wanasema: barabara italeta biashara. Tunawajibu kwa heshima. Kamyo ya mgodi hainunui nyanya. Haisimami. Itakupa vumbi juu ya nyanya zako, na mnunuzi wa kartie ataogopa kuvuka. Wengine wanasema: njia ya nje ya mji ni ndefu. Ni kweli, ni ndefu kwa kilometa chache. Kilometa hizo ni mafuta ya kamyo tu. Basi hesabu ni hii: upande mmoja mafuta, upande mwingine mapafu ya watoto. Sisi tumezoea mzani. Huu hauhitaji karani kuusoma.

Na wengine, waliochoka, wanasema: mwenye nguvu mpishe. Wandugu, Union Minière iliundwa mwaka 1906, na tangu siku zile tunampisha mwenye nguvu. Tumempisha mpaka mgongo umegusa ukuta. Leo anautaka ukuta wenyewe.

Tena sheria haiko upande wa vijiti vyekundu. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inasema mtu hawezi kunyang'anywa mali yake ila kwa faida ya watu wote, na baada ya kulipwa kwanza malipo ya haki. Kwanza, si baadaye. Kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya kuishi mahali pasipodhuru afya yake. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka kazi kubwa za namna hii zichunguzwe kabla hazijaanza, na watu waulizwe mawazo yao. Chokaa juu ya ukuta si kuuliza mawazo.

Na wasituambie pesa haipo. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa kodi ya madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine ao sekta ambako mgodi upo, na 10 kwa akiba ya vizazi vijavyo. Juu ya hiyo, kila kampuni inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Wenyeji ni sisi. Pesa inayotoka chini ya miguu yetu inatosha kuzungusha barabara nyuma ya nyumba zetu.

Basi tunataka mambo matatu. La kwanza, burugumestre aite mkutano wa kartie nzima, ramani ibandikwe ukutani, mambo yaelezwe kwa Kiswahili, si kwa makartasi ya Kifaransa yanayosomwa haraka. La pili, kazi isimame mpaka uchunguzi ufanywe na majibu yake yasomwe mbele ya watu. La tatu, njia ya nje ya mji ipimwe pia kwa haki, gharama zake zionyeshwe karibu na gharama za hii.

Nasi tuwe na akili. Mtu asing'oe vijiti usiku. Mtu asirushe jiwe kwa dereva: dereva ni ndugu yetu, naye ana watoto. Mtu asiweke kidole juu ya kartasi asiyoielewa, hata akipewa franka mkononi. Mwenye lupango asimwambie mpangaji kwamba jambo hili si lake. Mapafu hayana mwenye lupango wala mpangaji.

Tunajua karani anayeandika hivi anaweza kuitwa ofisini kesho. Ataitwa mmoja, tutakwenda wote. Siku ya mkutano njooni, wababa mkitoka zamu, wamama mkitoka sokoni, na leteni watoto wakae mbele, ili wakubwa waone wenyewe ni nani wanataka kupita juu yake.