Mwenye Kadi na Mwenye Kompyuta: Gari ni la Nani?

Ndugu msomaji, najua wapo watakaoguna. "Jarida la waandishi vijana, na huyu wa Tunduma anatuletea habari za kompresa na shokomzoba!" Wagune tu. Kurasa hizi zimeshabeba machozi mengi ya mapenzi na mwezi mwingi wa kuchungulia dirishani. Leo naomba nafasi kidogo niseme habari za chuma, maana ndani ya chuma hicho kuna ugomvi ambao sisi tunaojiita waandishi tumeuacha uende bila msemaji.

Ugomvi wenyewe ni huu. Umenunua gari kwa fedha yako, kadi imeandikwa jina lako, ushuru umelipa. Je, gari hilo ni lako? Mimi nasema bado. Siku hizi mwenye gari ni yule mwenye kompyuta inayojua kuzungumza nalo. Wewe mwenye kadi ni mlipaji tu.

Asiyeijua Tunduma aijue hivi: ni mwisho wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, na ukivuka mpaka uko Nakonde, Zambia. Reli ya TAZARA inavukia hapa. Malori ya Lusaka, Lubumbashi na Kolwezi yanapita hapa. Mkoa wetu wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, lakini pilikapilika zote ziko huku mpakani. Na mji wa malori hauishi bila gereji. Utawakuta vijana wamelala chini ya semitrela, tochi mdomoni, wanashusha giaboksi usiku wa manane ili asubuhi dereva asipoteze nafasi yake kwenye foleni. Lori likikata difu pale Mpemba leo, kesho kutwa liko ng'ambo linachanja mbuga. Hawa ndio mafundi wanaoitwa "wa kichochoroni". Sawa. Kumbuka jina hilo, nitalirudia.

Sasa mjomba wangu. Ni mfanyabiashara wa mahindi na mchele, mtu wa jasho lake. Baada ya miaka mingi ya kupanda malori ya watu akajinunulia gari la kifahari, lile refu lenye viti vya ngozi na kioo cha juu kinachofunguka. Mtumba, lakini mtumba wa heshima. Aina yake siitaji, wala jina la kampuni iliyolitengeneza kule Dar es Salaam silitaji. Ugomvi wangu ni wa desturi nzima, si wa mlango mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa makaratasi ya mjomba, hivyo kila bili ilipita mikononi mwangu.

Gari lile halikai juu ya springi za chuma kama Land Cruiser ya zamani. Linakaa juu ya mifuko minne ya mpira iliyojazwa upepo. Kuna kompresa inayosukuma upepo huo, kuna vipimo kwenye kila gurudumu vinavyoangalia kimo, na kuna kompyuta inayoamuru huku ipande, huku ishuke. Likiwa zima, bwana, ni raha. Unapita mashimo kama unateleza juu ya maji. Lakini mpira ni mpira. Unazeeka, unapigwa na vumbi na kokoto, mwisho unachanika nyufa ndogo pale unapojikunja.

Ikawa hivyo. Asubuhi moja tukalikuta limekaa upande mmoja wa nyuma kama ng'ombe aliyegoma kulima, na taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Mjomba akaliendesha taratibu hadi Dar, mwendo wa siku mbili, kila tuta likimfikia kwenye uti wa mgongo. Akapokelewa vizuri mno. Kiyoyozi, chai, "karibu mzee wangu." Kijana wa koti safi akachomeka mashine yake, mashine ikasema kompresa imekufa. Kompresa ikabadilishwa. Mjomba aliipima bili ile kwa kipimo anachokijua: magunia hamsini ya mahindi.

Haukupita muda mrefu, taa ikawaka tena. Akarudi. Wakachomeka mashine, mashine ikasema kompresa. Wakaweka nyingine na rilei mpya "kwa tahadhari", na ada ya uchunguzi ikalipwa upya. Mara ya tatu gari halikuweza tena safari. Likalala chini kabisa, hapa hapa Tunduma, matairi yamemezwa na bodi.

Ndipo mjomba, kwa hasira zaidi kuliko imani, akamwita fundi wa kichochoroni.

Yule kijana hakuwa na mashine. Alikuwa na jeki, spana, na ndoo ya maji ya sabuni. Akainua gari, akatoa gurudumu, akamwambia mjomba awashe injini. Akapaka povu kwenye mfuko wa mpira, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha kwenye tyubu. Pale kwenye mkunjo mapovu yakaanza kutoka, madogo madogo, bila haraka.

"Mzee, kompresa haina kosa," akasema. "Mfuko unavuja. Gari ikilala inapungua upepo, asubuhi kompresa inajaza. Inajaza, inavuja, inajaza, inavuja, mpaka inaungua. Ukiweka hata kumi zitaungua zote."

Hiyo ndiyo siri nzima, wasomaji. Mashine haikudanganya. Kompresa ilikuwa imekufa kweli. Lakini mashine hutaja kilichokufa, haitaji kilichoua. Kutafuta kilichoua ni kazi ya binadamu mwenye macho, masikio na udadisi. Kule penye kiyoyozi walisoma walichoandikiwa na kioo, wakauza kipuri, wakafuta taa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao walijenga ukuta mara mbili, na ufa wakauacha!

Ungedhani hadithi imekwisha. Bado! Mfuko mpya ukaagizwa, fundi akaufunga, povu likapakwa tena, hakuna hata pumzi iliyotoka. Gari likagoma kuinuka. Kwa nini? Kompyuta ya gari ilikuwa imeshaandika kosa na kufunga mfumo, na kosa hilo halifutwi ila kwa mashine yenye ruhusa. Fundi aliazima skana ya mwenzake. Skana zile za bei nafuu husoma makosa ya injini, lakini mlango wa upepo ulikuwa umefungwa kwa ufunguo wa kiwanda. Gari zima, tena limetengenezwa vizuri, likapakiwa juu ya lori kama mgonjwa mahututi, kilomita zaidi ya 900, kwenda kubonyezewa kitufe. Wakadai ada ya uchunguzi upya. Kitufe kikabonyezwa kabla chai ya mjomba haijapoa.

Sasa niambieni, hapo fundi wa kichochoroni ni yupi?

Najua utetezi wao, na una ukweli ndani yake. Watasema mtaani kuna mafundi wa kuotea, wanaofungua kila nati ili wajue ugonjwa, na wakirudishia zinabaki mkononi. Wapo! Watasema mtaani kuna spea feki. Zipo, tena nyingi. Watasema magari haya yana umeme mwingi na ukigusa waya usioujua unaunguza kompyuta ya mamilioni. Ni kweli tupu. Lakini fuateni hoja hiyo mpaka mwisho wake. Ikiwa hatari ni fundi asiyejua, dawa ni kumfundisha, si kumficha maarifa halafu kumcheka kwa kutokujua. Huwezi kumfunga mtu macho kisha ukamwita kipofu.

Na msiseme haya ni matatizo ya matajiri, walala hoi hayatuhusu. Gari la mjomba ni moja. Hesabu mashangingi ya serikali na ya miradi yanayopishana kati ya Vwawa, Momba na Ileje. Neno lenyewe, shangingi, lilianza kama dharau kwa mwanamke wa mjini mpenda makuu, kisha wananchi wakalibandika kwenye gari la mkubwa, kwa maana walijua gharama ya kulitunza. Magari ya serikali yana chombo chake cha matengenezo, TEMESA, kilichoanzishwa mwaka 2005. Lakini hata chombo cha serikali hakiwezi kufungua mlango ambao ufunguo wake anao mtengenezaji. Kila mara kipuri kinapobadilishwa bila chanzo kutafutwa, anayelipa ni muuza nyanya wa Mlowo na mkulima wa kahawa wa Mbozi. Wewe huna shangingi, lakini kompresa yake unainunua.

Wala tusidhani jambo hili halina dawa duniani. Nchini Marekani magari madogo ya kuanzia modeli ya 1996 yalilazimishwa kuwa na tundu la aina moja la kuchomekea mashine ya kupimia, ili makosa ya injini yanayohusu moshi yasomwe na yeyote. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walipitisha kwa kura zao sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kuwauzia wenye magari na mafundi huru maarifa na vifaa vile vile wanavyowapa mawakala wao. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni ya namna hiyo mwaka 2007. Basi, gari lile lile ambalo fundi huru wa kule ana haki ya kulifungua, likishushwa bandarini Dar es Salaam linakuwa fumbo! Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume yake, inayomlinda mlaji asiuziwe kwa maelezo ya kupotosha. Vizuri. Lakini je, kumwambia mtu "tumetengeneza" wakati umefuta taa tu, hayo si maelezo ya kupotosha?

Na hapa ndipo tunapoingia sisi wa kalamu. Simameni nje ya gereji yoyote hapa Tunduma msikilize. Rejeta, klachi, gasketi, bushi, nozeli, tairodi, injini imechemsha, imenoki, inakula oili, inakosa nguvu mlimani. Kile ni Kiswahili kamili cha kazi, kimetungwa na watu ambao wengi hawakupita darasa la saba. Wamelipokea kila chuma kutoka kila nchi wakakipa jina na matendo yake. Lakini kitabu chao kiko wapi? Fundi anayejua maji ya sabuni atamfundisha kijana wake kwa mdomo, akifa nusu ya ujuzi inazikwa naye. Mwongozo wa gari umeandikwa Kiingereza au Kijapani, na kompyuta inasema kwa tarakimu. Kila siku tunalia kwamba hakuna wasomaji. Wasomaji wako chini ya malori, hatujawaandikia kitu!

Kwa hiyo nasema wazi ninachokitaka. Kwanza, kila bili ya matengenezo iandikwe Kiswahili kinachoeleweka, itaje kilichokufa na kilichoua, na kipuri cha zamani mwenye gari akabidhiwe mkononi. Pili, anayeuza gari jipya nchini, na anayejiita wakala wa kampuni, alazimishwe kuuza maarifa na programu za kupimia kwa gereji yoyote iliyosajiliwa, kwa bei ya haki. Tatu, VETA, ambayo imekuwepo tangu 1994, ipeleke mashine hizo na walimu wake mpaka mipakani, wanakopita magari, wamfundishe fundi aliyepo kazini bila kumdai cheti cha sekondari. Nne, na hili ni letu: vijana wawili watatu wa jarida hili wakae miezi kadhaa gereji, wasikilize, waandike. Kitabu kimoja chembamba cha Kiswahili, chenye michoro, kinachoanza na mfuko wa upepo unaovuja na jinsi ya kuukamata kwa povu.

Watakaosema kitabu cha namna hiyo si fasihi waendelee na mwezi wao wa dirishani. Mimi nimeshaongea na fundi wa mjomba. Amekubali kusimulia, kwa sharti moja: jina lake lisiandikwe chini ya picha ya spana kama kibarua, liandikwe juu ya jalada pamoja na la mwandishi. Nimemwambia ni haki yake. Anayetaka kushiriki aje Tunduma, aje na daftari na nguo za kuchafuka.