Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa: Watu wa Ngarenanyuki Wanastahili Chumba Chao

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nafundisha Historia katika shule ya sekondari hapa Arumeru. Kila nikifika kwenye mada ya kupigania uhuru huwauliza wanafunzi ni Mtanganyika gani aliyetangulia kwenda Umoja wa Mataifa kuwasemea wenzake. Mikono hunyooshwa darasa zima, na jibu huwa moja: Mwalimu Nyerere. Mwalimu alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la umoja huo Machi 1955. Kirilo Japhet, Mmeru wa Mlima Meru huu huu, alikuwa amekwisha kuzungumza mbele ya baraza hilohilo Julai 1952, TANU ikiwa bado haijazaliwa. Baadhi ya wanafunzi wanaonipa jibu lile wanatoka Ngarenanyuki, kwenye ardhi yenyewe iliyompeleka Kirilo New York.

Nakuandikia wewe kwa sababu taasisi yako ndiyo iliyokabidhiwa kumbukumbu za nchi hii, na kwa sababu muda umekwisha kwenda. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 Wameru walipofukuzwa Ngarenanyuki mwaka 1951 sasa amepita 80. Kila msimu wa mvua tunazika mmoja au wawili.

Kisa kinaanzia mbali. Wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri Oktoba 1896. Wajerumani walilipiza kisasi bila huruma, kisha wakaanza kugawa ardhi ya chini kwa walowezi, wakiwamo Makaburu kutoka Afrika Kusini, mpaka mashamba yao yakauzunguka Mlima Meru kama mkanda. Watu wakabanwa juu, nyuma yao msitu, mbele yao shamba la mzungu. Mfugaji akitaka kupeleka ng'ombe kwenye malisho alilazimika kupita kwenye mali ya mtu mwingine. Upande wa Ngarenanyuki, kaskazini, ndiko palikobaki pa kupumulia. Huko walifuga na kulima, wakajenga kanisa na shule. Tena sehemu ya ardhi hiyo, mashamba namba 31 na 328, Wameru walishikilia siku zote kwamba walikwisha kuyanunua upya kwa fedha zao wenyewe.

Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Mwingereza ilimtuma Jaji Mark Wilson achunguze suala la ardhi ya Arusha na Moshi. Alikubali kwamba Wameru wamebanwa. Lakini alipendekeza pia Ngarenanyuki iondolewe mikononi mwao, ili mashamba ya Wazungu yaungane kuwa eneo moja la ufugaji wa ng'ombe wa nyama na maziwa, lisilo na Mwafrika katikati. Wao wahamie King'ori, chini, kwenye joto, malaria na mbung'o. Hapo ndipo ninapotaka wanafunzi wangu wasimame kidogo. Ramani ilichorwa kwa rangi ya ngozi, ikatiwa maneno ya kitaalamu kuhusu mifugo, ikaitwa mpango wa maendeleo.

Novemba 17, 1951 polisi waliingia Ngarenanyuki. Nyumba zilichomwa moto, mazao yakapotea, mifugo ikaswagwa. Watu wapatao 3,000 waliondolewa ili familia 13 za walowezi zipate nafasi.

Sehemu inayonigusa kuliko zote ni ile iliyofuata moto, na ndiyo isiyosimuliwa. Serikali ilikuwa imetenga fidia, na King'ori ilikuwa ikiwasubiri. Wengi walikataa vyote viwili. Hebu fikiria maana yake kwa mama mwenye watoto wanne, asiye na paa, mvua za vuli zikinyesha. Shilingi zipo mezani. Anachotakiwa ni kuzipokea tu. Lakini akizipokea amekiri kwamba ardhi imeuzwa, na kesi imekufa. Hakuzipokea. Walisambaa kwa ndugu na jamaa upande wa kusini wa mlima, kwenye vihamba vilivyokuwa tayari vimejaa, wakagawana migomba na kuni na wenyeji wao kwa miaka. Uamuzi ule haukuwa wa mtu mmoja. Ulifanywa jikoni, usiku, na mamia ya watu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote ninachofundishia. Naamini kabisa kwamba bila wao Kirilo asingekuwa na kesi ya kupeleka popote.

Walichanga, na Chama cha Raia wa Meru kikamtuma Kirilo pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, kwa hiyo Mwingereza alipaswa kujieleza mbele ya Umoja wa Mataifa, na Wameru waliliona hilo mapema kuliko wengi. Baraza la Udhamini lilisikitika, lakini halikuirudisha ardhi. Mwishoni mwa mwaka huo wa 1952 Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa ilipitisha azimio la kutaka watu warudishwe kwao, nalo likaanguka kwenye Baraza Kuu kwa kukosa theluthi mbili za kura. Kirilo alirudi mikono mitupu. Hata hivyo habari za kesi ya Meru zilikwisha kuenea Tanganyika nzima: kwamba serikali ya kikoloni inaweza kuitwa mbele ya dunia ikahojiwa, na kwamba dunia ikisikia bado haitoshi. Waliokutana Dar es Salaam Julai 1954 kuunda TANU walikuwa wanalijua somo hilo.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, mgeni anayefika Momella leo, jirani kabisa na Ngarenanyuki, husimuliwa kwamba pale ndipo John Wayne alipocheza filamu ya Hatari!, iliyotoka 1962. Sina ugomvi na filamu, wala na vijana wetu wanaopata riziki kwa kutembeza wageni. Nawaonea uchungu vijana hao kwa sababu hawajapewa kisa kikubwa zaidi cha kusimulia, nacho ni cha babu zao.

Mwaka jana mzee mmoja alinichukua mpaka pembeni mwa shamba la nyanya kule Ngarenanyuki. Alionyesha kwa fimbo: hapa nyumba ya baba, pale zizi la ndama, pale njia ya kushukia mtoni. Hapakuwa na jiwe wala mti wa alama, nyanya tu, na mifereji ya kumwagilia. Vijana waliokuwa wakipanga nyanya kwenye matenga waliacha kazi wakasogea. Mmoja wao analima hapo tangu amalize darasa la saba, na ndiyo kwanza asikie.

Ninachoomba kinawezekana. Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale Kaloleni karibu na mnara wa Mwenge, yako chini yenu. Tengeni humo chumba cha Kesi ya Ardhi ya Meru, kiwe na ramani ya Wilson, picha ya mashamba namba 31 na 328, na sauti za waliofukuzwa. Maombi yao na maelezo ya Kirilo yamo katika nyaraka za Umoja wa Mataifa. Leteni nakala, zifasiriwe. Kitabu walichoandika Kirilo na Seaton mwaka 1967 kiko kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha pili anahitaji toleo la Kiswahili analoweza kulisoma mwenyewe. Na wekeni kibao Ngarenanyuki, hata cha saruji.

Nawaomba pia msikipambe kisa. Mangi Sante, chifu wa Wameru, alibanwa kati ya serikali iliyomlipa mshahara na watu waliomkataa, na mwaka 1953 Sylvanus Kaaya alichaguliwa kuwa Mangi Mkuu. Wapo waliokubali kuhama. Wapo ndugu waliokosana kwa ajili ya hilo, na uchungu wake haujaisha. Wote waingie chumbani humo, kila mmoja na maelezo yake, maana watoto wetu wana akili ya kutosha kuyasikia.

Kabla ya yote hayo, tumeni mtu mwenye kinasa sauti. Desemba wanafunzi wangu wa kidato cha tatu watakuwa likizo. Kadhaa kati yao bado wana babu au bibi waliotolewa Ngarenanyuki, na wanazungumza Kimeru nyumbani, lugha ambayo wazee hufunguka zaidi wakiitumia. Mtaalamu wenu mmoja akija kuwafundisha namna ya kuuliza, kurekodi na kuandika majina sawasawa, kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba wataifanya wao. Mahali pa kulala na chakula cha mgeni tutatoa sisi walimu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia, Arumeru